Binti yangu wa Ujiji anataka kusoma siasa na uhusiano wa kimataifa: naomba ushauri wenu

Mzazi wa Ujiji ameandika:

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mkazi wa Ujiji, hapa Kigoma, na kwa miaka mingi nimekuwa karani wa mizigo ya ziwani, kazi iliyonipa riziki na kunisaidia kulea watoto wanne. Binti yangu wa tatu amemaliza kidato cha sita mwaka huu kwa tahasusi ya Historia, Kiswahili na Kiingereza, naye amepata B ya Historia, B ya Kiswahili na C ya Kiingereza. Tangu akiwa kidato cha tatu amekuwa akisema kwamba chuo kikuu atasoma siasa na uhusiano wa kimataifa. Nilidhani ni maneno ya utoto ambayo yangepita yenyewe, lakini hayakupita, na sasa maombi ya vyuo yamekaribia na nyumbani hatulali kwa mjadala.

Baba yake mdogo, ambaye ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya mahitaji yake ya shule, anataka asome ualimu. Hoja yake ni kwamba siasa haihitaji shahada, kwamba mabalozi huteuliwa na wala hawaombi kazi, na kwamba mtoto wa karani wa Ujiji hana wa kumteua. Mama yake ana hofu tofauti: kwake neno siasa ni vyama, mikutano na magomvi, na anaona tunampeleka binti mahali ambapo amani ya nyumba itapotea. Mimi sitaki kumvunja moyo mtoto aliyesoma kwa bidii, lakini pia sitaki miaka mitatu ipite kisha arudi akae barazani.

Naomba mwenye kujua anieleze mambo matatu: huko chuoni husoma nini hasa, ni vyuo gani vinavyofundisha fani hii, na anayehitimu hufanya kazi gani. Tafadhali nielezeni kama mnavyomweleza mtu ambaye hakufika chuo.

Mhitimu wa Mlimani amejibu:

Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mtoto wa Kibondo, nilisoma Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na leo nimeajiriwa katika halmashauri moja nje ya mkoa wetu.

Nianze na hofu ya mama, kwa sababu naye mama yangu alikuwa nayo. Anayesoma sayansi ya siasa hasomei kuwa mwanasiasa, kama vile anayesoma elimu ya magonjwa hasomei kuugua. Katika miaka mitatu ile tulisoma namna mamlaka ya dola yanavyopatikana na kutumika, tukalinganisha mifumo ya serikali za nchi mbalimbali, tukasoma uchumi wa siasa, utawala wa umma, siasa ya nje ya Tanzania, na mbinu za utafiti pamoja na takwimu. Hizo takwimu mwambie binti asizidharau hata kidogo. Wenzetu wengi waliotoka tahasusi za sanaa walizikimbia, na ndizo zilizowapa kazi wale wachache waliozishika.

Kuhusu vyuo, Mlimani wana idara hiyo niliyosoma, na uhusiano wa kimataifa hufundishwa ndani yake. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, wana shahada ya uhusiano wa kimataifa yenyewe. Halafu kuna Chuo cha Diplomasia kilichoko Kurasini, Dar es Salaam, ambacho Tanzania na Msumbiji walikianzisha kwa makubaliano mwaka 1978, na ambacho sasa kinaitwa kwa jina la Dk. Salim Ahmed Salim. Hapo diplomasia na lugha hufundishwa kwa ukaribu zaidi. Kwa alama, hesabu ni kwamba A ni 5, B ni 4 na C ni 3, na kiwango cha chini cha kuingia shahada ni jumla ya 4.0 kutoka masomo mawili. Binti yako ana 8 kwa masomo yake mawili ya juu, kwa hiyo mlango uko wazi, ingawa kuchaguliwa hutegemea pia ushindani wa mwaka huo.

Sasa hoja ya baba mdogo. Ni kweli kwamba balozi huteuliwa na Rais, na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unataka nchi anakopelekwa iridhie kwanza kumpokea. Lakini balozi hafanyi kazi peke yake. Chini yake wapo maofisa wa mambo ya nje, na hao ni watumishi wa umma walioomba kazi, wakasailiwa na wakapandishwa vyeo hatua kwa hatua. Wao ndio huandika taarifa, huandaa mazungumzo, hushughulikia raia wetu waliopatwa na matatizo ugenini na hupitia rasimu za mikataba neno kwa neno. Hata Dk. Salim, ambaye mwaka 1964 aliteuliwa balozi nchini Misri akiwa na umri wa miaka 22, alirudi darasani baadaye akasoma hadi shahada ya uzamili.

Mwalimu wa Historia, Kasulu, amejibu:

Mzee mwenzangu wa Ujiji, nimesoma swali lako mara mbili kwa sababu nafundisha Historia kidato cha tano na cha sita, na kila mwaka hukutana na mtoto mmoja au wawili wenye moyo kama wa binti yako. Mhitimu amekueleza vizuri mambo ya vyuo. Mimi naomba nikuonyeshe fani yenyewe kwa kutumia vitu ambavyo wewe umeviona kwa macho, kwa kuwa naamini wewe umeishi ndani yake kuliko wengi wanaoifundisha.

Chukua kufungwa kwa uvuvi wa Ziwa Tanganyika mwaka 2024, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Wavuvi wetu waliumia, na wengi waliuliza kwa nini serikali imewafungia ziwa lao. Jibu ni kwamba ziwa hili lina wenye wanne, yaani sisi, Kongo, Burundi na Zambia, na dagaa na migebuka hawajui mpaka. Tukipumzisha maji ya kwetu huku wenzetu wakiendelea kuvua, tumefunga njaa bure. Ndiyo maana nchi hizo 4 zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa mwaka 2003, zikaunda Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura, kisha zikakubaliana kupumzisha uvuvi kwa pamoja. Swali linalowaumiza vichwa wasomi wa uhusiano wa kimataifa ni hili hili: dola zisizo na mkubwa juu yake hukubalianaje kujinyima, na nani huhakikisha kwamba mwenzake hadanganyi usiku? Wapo wanaoamini kwamba kila dola hutazama nguvu na maslahi yake tu, na wapo wanaoamini kwamba taasisi na mazoea ya kushirikiana hubadilisha tabia za dola. Binti akifika mwaka wa kwanza atakutana na pande hizo mbili, na atakuwa na mfano wa kwao mkononi.

Chukua wakimbizi. Hapa Kasulu tuna kambi ya Nyarugusu iliyowapokea Wakongo tangu mwaka 1996, na Warundi baadaye. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 humtambua mtu anayeogopa kuteswa kwa sababu ya kabila, dini, uraia, kundi lake katika jamii au maoni yake ya kisiasa. Lakini mama aliyekimbia risasi na mtoto mgongoni, ambaye hakuna aliyemtafuta yeye kwa jina, ataingia wapi hapo? Waafrika waliliona pengo hilo, na mwaka 1969 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukapitisha mkataba wake unaomtambua pia mtu anayekimbia uvamizi, utawala wa kigeni au machafuko yaliyovuruga amani ya nchi. Naona fahari kila ninapofundisha jambo hilo, kwa sababu hapo bara letu halikungoja kufundishwa. Na sisi wenyewe tulikwenda mbali zaidi. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Warundi waliokuja mwaka 1972 walipewa jembe kwelikweli na ardhi ya kulima, kule Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba na Mishamo, hata baada ya miaka ipatayo arobaini zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao wakapewa uraia. Kwa nini nchi ile ile ikawa na ukarimu wa namna hiyo wakati mmoja, na wakati mwingine ikahimiza wakimbizi warudi makwao? Swali hilo halijibiwi kwa hasira wala kwa sifa. Linahitaji mtu aliyesoma sheria, historia, bajeti na siasa za ndani kwa pamoja.

Mfano wa mwisho ndio ninaoupenda kuliko yote, nawe kama karani wa mizigo utaupenda. Wabelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza, wakaishikilia hadi mwaka 1921. Walipoiachia kwa Waingereza, nchi hizo mbili zilitia saini makubaliano yaliyowapa Wabelgiji maeneo ya bandari, hapa Kigoma na kule Dar es Salaam, kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi. Maeneo hayo yaliitwa Belbase. Kodi yake ilikuwa faranga 1 kwa mwaka, na muda wake ulikuwa milele. Hebu fikiri jambo hilo: sehemu ya gati yetu imepangishwa milele na watu wawili, ambao hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mwenye nyumba.

Uhuru ulipokaribia mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alilazimika kuamua nini kifanyike kuhusu mikataba yote ambayo Uingereza iliifunga kwa jina la Tanganyika. Kuikubali yote kungekuwa kurithi madeni ya mtu mwingine, na kuikataa yote kungeiacha nchi changa bila mikataba muhimu ya safari, posta na biashara. Akachagua njia ya tatu: mikataba ya nchi mbili mbili iendelee kwa miaka 2 wakati Tanganyika ikiikagua mmoja mmoja, na ile ambayo haitathibitishwa ifikie mwisho, isipokuwa ile ambayo sheria ya mataifa yenyewe inailinda. Kuhusu Belbase alisema kwamba Uingereza ilikuwa mdhamini tu wa nchi hii, na mdhamini hawezi kutoa milele kitu ambacho yeye mwenyewe amekabidhiwa kwa muda. Msimamo huo leo husomwa katika vyuo vya sheria na diplomasia duniani kwa jina la doktrini ya Nyerere, na nchi nyingine za Afrika zilizopata uhuru baadaye ziliufuata. Kisa kimojawapo kilichouzaa kiko kwenye gati ambako wewe umehesabu magunia maisha yako yote.

Kwa hiyo mimi nasema mruhusu. Mtoto aliyekulia hapa akienda kusoma mambo haya haendi kuanza na karatasi tupu.

Mkazi wa Mwanga amejibu:

Nawaheshimu waliotangulia, na maelezo ya Mwalimu yamenifundisha mengi, lakini naona wamejibu zaidi swali la fani kuliko swali la riziki. Mdogo wangu wa kiume alihitimu shahada ya uhusiano wa kimataifa. Kwa miaka mitatu aliomba kazi, akaitwa kwenye usaili mara mbili, na katika usaili mmoja nafasi zilikuwa chache mno huku walioitwa wakijaza ukumbi. Leo ni wakala wa fedha za simu. Anafanya kazi hiyo kwa uaminifu na analisha familia, lakini alipitia kipindi cha huzuni ambacho sitaki mzazi mwingine akione kwa mtoto wake.

Ukweli ni kwamba Wizara ya Mambo ya Nje haiajiri kila mwaka kwa wingi, na mashirika ya wakimbizi hapa Kigoma huajiri kwa mikataba mifupi inayofuata fedha za wafadhili. Ushauri wangu ni asome sheria au uchumi kwanza, kisha uhusiano wa kimataifa uwe shahada ya pili. Mwanasheria anaweza kuingia katika diplomasia, na akikosa bado anabaki mwanasheria. Mwenye shahada ya uhusiano wa kimataifa akikosa, huwa hana pa kurudi kwa urahisi. Simkatazi binti ndoto yake, naomba tu aifikie kwa njia yenye daraja pembeni.

Mzazi wa Ujiji ameandika:

Nawashukuru sana. Jana usiku baada ya chakula nilimsomea mama yake maneno ya Mhitimu na ya Mwalimu, binti naye akiwa amekaa mlangoni akisikiliza. Mama alinyamaza, kisha akauliza kama ni kweli kwamba hawasomei vyama. Naona hofu yake imepungua.

Maneno ya Mkazi wa Mwanga yamenigusa, na nayachukua kwa uzito. Nilimuuliza binti kuhusu sheria. Alisema jambo ambalo sikulitarajia: kwamba wakati ziwa lilipofungwa aliwasikiliza wavuvi wakilalamika na maofisa wakieleza, akaona kila upande unasema kweli na hakuna anayeusikia mwingine, na kwamba kazi anayoitaka ni ile ya kukaa katikati ya watu wa namna hiyo. Kama sheria inaipa kazi hiyo, ataisoma. Kama uhusiano wa kimataifa unaipa zaidi, atausoma huo. Sikuwa na la kumjibu.

Nina swali moja zaidi. Mhitimu amegusia kwamba Kurasini hufundisha pia lugha. Binti anajua Kiswahili, Kiingereza cha darasani na Kiha cha bibi yake. Je, ni lazima ajifunze Kifaransa, na anaweza kuanzia wapi hapa kwetu kabla chuo hakijafunguliwa?

Mama wa Kibirizi amejibu:

Kaka yangu wa Ujiji, mimi si msomi wa fani hii, lakini swali la lugha naweza kulijibu kwa sababu limenigharimu. Kwa miaka zaidi ya kumi na mitano napeleka bidhaa Kalemie na Uvira kutoka mwalo wa Kibirizi. Kongo ilipoingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 tulifurahi tukidhani mambo ya ushuru yamekwisha. Safari moja baada ya hapo mzigo wangu ulizuiwa ng'ambo kwa siku sita. Nilipewa karatasi ya Kifaransa yenye mihuri mingi, na kila niliyemwonyesha alinipa tafsiri yake na bei yake. Siku ya sita nilikutana na binti mmoja wa Kitanzania aliyekuwa huko kikazi, akaisoma pale pale tukiwa tumesimama, akaniambia haikuwa faini wala kesi: walitaka cheti kinachothibitisha kwamba bidhaa zimetoka Tanzania. Kisha akaenda kuzungumza na ofisa kwa Kifaransa cha adabu, akimpa cheo chake na heshima yake, na mzigo ukapewa siku mbili niufuatilizie cheti. Nusu ya vitunguu ilikuwa imeoza.

Nilimuuliza amesomea nini. Akasema uhusiano wa kimataifa. Sijui mshahara wake ni kiasi gani, lakini najua kwamba siku ile sisi wafanyabiashara wa Kibirizi tungekuwa na watu watano kama yeye, tungewalipa kwa michango yetu wenyewe. Kwa hiyo ninapomsikia ndugu wa Mwanga akisema kazi ni chache, naona ziko mahali ambapo hakuna anayezitangaza. Hilo nalo ni tatizo, sikatai.

Kifaransa kaka yangu kipo hapa hapa. Warundi na Wakongo waliosoma wanakaa Mwanga, Gungu na Kibirizi, na balozi ndogo za nchi zote mbili ziko mjini kwetu. Ninamfahamu mama mmoja Mkongo, mwalimu wa shule huko kwao, anayefundisha watoto wa jirani jioni kwa malipo madogo. Mlete binti Jumamosi asubuhi, akija na mama yake itakuwa vizuri zaidi. Na Kiha cha bibi asikiache, maana anayekijua huelewana na Mrundi bila mkalimani.

Mhitimu wa Mlimani amejibu:

Mama amenipokonya jibu, na amelitoa vizuri kuliko ambavyo ningelitoa. Naongeza tu kwamba Kifaransa ni moja ya lugha 6 rasmi za Umoja wa Mataifa na ni lugha ya kazi katika Umoja wa Afrika, ambako Kiswahili pia kilikubaliwa kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Mtu mwenye Kiswahili fasaha, Kiingereza na Kifaransa anaweza kufanya kazi ya ukalimani na tafsiri hata kabla hajapata ajira ya fani yake, na hilo ndilo daraja la pembeni ambalo ndugu wa Mwanga anataka binti awe nalo. Kwa hiyo C ya Kiingereza aifanyie kazi sasa, asingoje chuo.

Kuhusu sheria dhidi ya uhusiano wa kimataifa, mfumo humruhusu mwombaji kuchagua zaidi ya kozi moja, hivyo aombe zote mbili na aweke mbele ile anayoitaka kwa dhati. Wizi wa miaka mitatu si kusoma fani yenye ushindani, ni kusoma fani ambayo moyo haumo.

Jambo moja la haraka, mzee wangu. Kama mtaomba mkopo, Bodi ya Mikopo huangalia uwezo wa familia na vilevile vipaumbele vya kozi, kwa hiyo baba mdogo asijiondoe katika hesabu, kwani huenda binti akapata sehemu tu ya fedha. Cheti cha kuzaliwa cha binti kihakikiwe mapema RITA, yaani wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, kwa sababu wengi hukwama hapo wakati dirisha limebaki na siku chache.

Mzazi wa Ujiji ameandika:

Cheti cha kuzaliwa tunacho, ila jina la kati limeandikwa tofauti na lile la vyeti vya shule, hivyo Jumatatu nitakwenda kuuliza namna ya kulirekebisha. Baba yake mdogo amesoma mjadala huu wote kwenye simu ya binti. Hajasema amekubali, lakini ameuliza Kurasini wanafundisha Kifaransa kwa saa ngapi kwa wiki. Mama Kibirizi, Jumamosi saa tatu asubuhi watakuja wote wawili, binti na mama yake. Watakuulizia pale mwaloni.